Mzee ni wa nani? Matunzo ya wazee katika Ituri, tangu Kilo-Moto mpaka leo

Katika vitabu vidogo vya namna hii tumeshazoea kusoma juu ya mahari, ngoma, matanga na majina ya watoto. Juu ya wazee nako huandikwa, lakini mara nyingi ni maneno ya sifa: mzee ni baraka ya nyumba, mzee ni hazina ya kabila. Maneno hayo ni ya kweli na sitayarudilia. Mimi nataka kuuliza ulizo moja ambalo ni la aibu kidogo mbele ya watu: nani analipa? Mzee anakula. Anahitaji maji ya kuoga, kuni, dawa ya tansio, mtu wa kupanda juu ya paa mvua inapoingia. Vitu hivyo vyote viko na bei, hata kama hatuitaji kwa sauti.

Kwa miaka zaidi ya mia moja sasa, wakubwa waliofaidika na jasho la watu wa Ituri wamejibu ulizo hilo kwa neno fupi: mzee ni wa jamaa yake. Jibu hilo ni zuri, na ni la kwetu. Lakini tukifuata historia tutaona kwamba wengi waliolisema hawakulisema kwa kuheshimu desturi yetu. Walilisema sababu lilifaa hesabu zao.

Tuanze na desturi yenyewe, maana watu wanaisifu bila kuangalia namna ilivyokuwa ikitembea. Haikuwa huruma tupu. Ilikuwa mpango wa kazi. Katika makabila mengi ya huku, mzee aliyebaki peke yake hakuhamia kwa mtoto wake. Mtoto njo alihamia kwa mzee. Mjukuu wa miaka saba ao nane alitumwa kulala kwa tate yake, na tate ni babu ao nyanya, vile tunavyosema hapa. Mtoto huyo alichota maji asubuhi, alitafuta kuni, aliwasha moto, aliongoza mzee akienda kwa jirani. Usiku alilipwa kwa hadisi na kwa kipande cha nyama ambacho kwa mama yake hangekipata. Hivi mzee alibaki na nyumba yake, moto wake na mlango wake mwenyewe. Aliweza kumkaribisha mgeni kwake. Kwa mtu aliyekuwa na heshima maisha yote, jambo hilo si dogo. Kuwekwa kwenye kona ya nyumba ya muke wa mtoto wako ni kitu kingine kabisa, na wazee wanajua tofauti.

Tena mzee hakuwa mwombaji. Aliyegawa shamba ni yeye. Aliyesema ndoa hii iendelee ao isimame ni yeye. Mwenye ng'ombe alikuwa na maziwa ya kugawa, mwenye shamba alikuwa na mihogo, na vijana waliokuja kumlimia siku moja walijua watakunywa pombe yake na siku nyingine watahitaji neno lake. Hakuna aliyeandika bajeti, lakini bajeti ilikuwako. Ilisimama juu ya nguzo tatu: udongo, wajukuu, na amani ya kutosha ili watu wakae pahali pamoja. Wasomaji washike nguzo hizo tatu, sababu tutaziona zikianguka moja moja.

Mwaka 1903 wachunguzi wawili Waaustralia, Hannam na O'Brien, walipata dhahabu upande wa Kilo. Nchi ilikuwa bado mali ya Mfalme Leopold II. Ubelgiji ukaichukua mwaka 1908, na mwaka 1926 migodi ya Kilo na ya Moto ikawekwa chini ya kampuni moja, SOKIMO. Maelfu ya wanaume waliondoka vijijini, wengine kwa kupenda, wengi kwa kutajwa na sefu. Kwenye kampi mtu alipewa nyumba, posho na dawa. Kampuni lilijivunia hospitali zake, na kweli zilikuwa nzuri kuliko nyingi tulizo nazo leo.

Lakini tuangalie hesabu ile. Kampuni lilimpokea mwanaume akiwa tayari na nguvu: kijiji njo kilikuwa kimemlea. Lilimtumia miaka yake ya nguvu. Mgongo ulipochoka alirudi kijijini, na kijiji njo kilimtunza mpaka kaburini. Utoto na uzee, miaka miwili ya gharama kubwa katika maisha ya mtu kama ningeweza kusema hivyo, vilibaki juu ya mama, shamba na wajukuu. Katikati, pahali penye faida, palikuwa pa kampuni. Nikifundisha somo hili huwa nachora mstari ubaoni na kuugawa mara tatu, na wanafunzi wanaelewa mbio kuliko kwa maneno.

Wabelgiji wenyewe kwao walikuwa wakifanya namna nyingine. Sheria ya tarehe 10 Machi 1925 iliweka katika kila komini ya Ubelgiji kamati ya msaada wa watu wote, yenye pesa ya serikali, kwa ajili ya maskini na wazee wasiojiweza. Mwaka 1976 kamati hizo ziligeuzwa kuwa vituo vya umma vya msaada wa jamii, na mpaka leo komini huko inaweza kumpelekea mzee chakula cha moto nyumbani ao kumtumia mtu wa kumsaidia kazi za nyumba, ili asilazimike kwenda kuishi katika nyumba ya wazee. Kumbe walijua kwamba upendo wa jamaa peke yake hautoshi. Kwetu walisema jamaa inatosha.

Katika koloni neno pansioni kwa wafanyakazi weusi lilingoja mpaka mwaka 1956, wakati dekreti ya tarehe 6 Juni ilipounda kasha la pansioni la wafanyakazi wa Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi. Ilikuwa miaka minne tu mbele ya uhuru. Na mlango wake ulikuwa mwembamba: aliyehesabiwa ni mwenye mshahara. Mwanamke wa kijiji aliyelima mihogo na maharagi yaliyoingia kampini miaka thelathini hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote. Mama huyo hakuandikwa kwenye karatasi, na mabinti wake mpaka leo hawajaandikwa.

Baada ya uhuru, dekreti-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 ilianzisha INSS, ambayo watu wa hapa wenye umri wangu tulisikia wazazi wakiitaja kama jina la mtu: «Inesesi italipa lini?» Mwaka 1966 Kilo-Moto ikawa ya Leta, kwa jina la OKIMO. Kulikuwa na miaka ambapo jambo lilielekea kuwezekana. Zaire, pesa mpya ya mwaka 1967, ilianza ikiwa na bei ya dola mbili za Amerika. Mzee aliyefanya kazi Bambu ao Mongbwalu na kukatwa mshahara kila mwezi aliweza kuamini kwamba anajiwekea kitu.

Nini kilitokea kwa kitu hicho? Hapa nawaomba wasomaji kalamu na karatasi. Mwaka 1993 Leta ilitoa zaire mpya, na zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikatoa franka, na franka moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Fanyeni mara: franka moja ya mwaka 1998 ni zaire za zamani 300,000,000,000. Mtu aliyestaafu akiwa na haki ya pansioni ya zaire milioni moja, pesa ambayo zamani ingejenga nyumba na kubaki, hakuwa hata na kipande cha franka moja ambacho jicho linaweza kukiona. Darasani wanafunzi wanahesabu mara mbili wakifikiri wamekosea sufuri.

Kwa maoni yangu, hiyo njo siku desturi ilipoitwa tena kazini. Hakuna aliyetangaza kwamba pansioni imekufa. Watu walirudia tu lile neno la zamani, mzee ni wa jamaa yake, na jamaa ikajifunga mkanda. Waalimu nao, ambao wangepaswa kupumzika, walibaki ubaoni wakiwa na miaka sabini, sababu kutoka kazini bila kulipwa ni kutoka chakulani. Wazazi walianza kulipa prime ya waalimu mnamo miaka ile ya tisini, na mara nyingi mzazi huyo alikuwa tate anayelea yatima. Mzee aliyekosa pansioni akauza mbuzi ili mwalimu aliyekosa mshahara afundishe mjukuu. Mduara huo haukuwa na Leta ndani hata kidogo.

Kisha vita. Kuanzia mwaka 1999 mpaka 2003 Ituri iliungua. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu wafu zaidi ya 50,000 na waliokimbia zaidi ya 500,000. Wasomaji wa hapa hawahitaji nieleze. Nataka tu kusema jambo moja ambalo vitabu vya vita havilisemi sana: vita viliangusha zile nguzo tatu kwa mara moja. Udongo uliachwa, na mzee asiye na shamba la kugawa amepoteza sauti yake pia. Wajukuu walitawanyika, wengine Uganda, wengine Beni, wengine kwenye vikundi vya silaha. Ng'ombe walinyang'anywa. Na mzee hakimbii. Kila mtu wa Ituri anajua jamaa moja ambayo ililazimika kuchagua usiku nani abebwe mgongoni, mtoto ao tate.

Tulipofikiri imekwisha, mwezi wa Desemba 2017 moto ukawaka tena Djugu. Watu walijaa Bunia, kwenye hospitali kubwa, kwenye uwanja wa ISP, na baadaye Kigonze. Mwanzo wa Februari 2022 watu wasiopungua 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, pahali walipokuwa wamekimbilia. Katika kambi hizo desturi ya mtoto kuhamia kwa tate haina pahali pa kukaa: hema ni moja, watu ni nane. Mzee anapanga mstari wa maji kama kijana. Chakula kinapogawanywa inabidi amtafute mtu wa kumbebea gunia, na mbebaji huyo anataka sehemu yake. Mashirika yalisaidia, sitakataa. Lakini mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, ambayo ilikuwa sehemu kubwa ya pesa za dharura katika Kongo, tuliona wazi kwamba mzee wa Djugu alikuwa amewekwa juu ya bajeti ya nchi asiyoijua.

Watu wa shirika la kanisa wanapita bado nyumba kwa nyumba na kuni na sabuni. Makanisa yote hapa yanafanya hivyo kwa namna yake, na bila wao hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini mfuko wao unatoka kwa watu walewale waliopoteza mashamba.

Sasa tuvuke mpaka kidogo, sababu jirani anatufundisha. Waalur wa Mahagi na Waalur wa Nebbi na Zombo ni watu wamoja. Wakoloni njo waliwachorea mpaka katikati. Mwaka 2010 Uganda ilianzisha mpango wa SAGE, kwa pesa ya serikali pamoja na ya Uingereza na Ireland, na Nebbi na Zombo zilikuwa kati ya wilaya za kwanza za majaribio. Mzee wa miaka 65 na kuendelea alipewa shilingi 25,000 kwa mwezi. Mwaka 2020 mpango ulianza kupanuliwa kwa nchi nzima, lakini kwa wenye miaka 80 na kuendelea. Basi iliwezekana ndugu wawili, mmoja akae upande wa Goli na mwingine upande wa Mahagi, mmoja awe na kitu kila mwezi na mwingine asiwe na kitu, na tofauti yao ni kizuizi cha barabara.

Shilingi 25,000 ni kidogo: kama dola saba hivi. Wala sitaki kusema Uganda ni paradizo. Malipo yalichelewa mara nyingi, na mzee wa miaka 79 anaweza kukasirika kwa haki. Lakini waliochunguza mpango ule waliona nini? Wazee walinunua chakula, walilipia wajukuu masomo, walifuga kuku na mbuzi, na walimlipa kijana awalimie shamba. Hapo njo nilisimama niliposoma. Kumlipa kijana akulimie, akuchotee maji, atengeneze paa, ni ile desturi yetu ya zamani imerudi kwa njia ya noti. Mzee anabaki kwake, na ana kitu mkononi cha kumpa anayemsaidia.

Watu hunijibu hapa: ukimpa mzee pesa ya Leta, watoto watamwacha. Nimelisikia neno hilo kwenye matanga, kwenye mikutano ya wazazi, hata kwa waalimu wenzangu. Nalielewa, na lina uzito, maana hakuna anayetaka kuona wazee wetu wakifungiwa kwenye nyumba moja na kusahauliwa. Lakini historia niliyoisimulia inaonyesha kinyume. Desturi ilikuwa na nguvu wakati mzee alikuwa na kitu cha kutoa. Ilidhoofika alipobaki mikono mitupu. Zanzibar, ambako watu wanaheshimu wazazi si chini yetu, serikali ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila kuuliza alifanya kazi wapi, na baadaye ikaongeza. Kenya ilifanya hivyo kwa wenye miaka 70 mwaka 2018, shilingi zao 2,000. Neno la maana ni lile: bila kuuliza alifanya kazi wapi. Mama wa shamba la mihogo, yule wa mwaka 1956, kwa sheria hiyo angeandikwa.

Kwetu sheria haikosekani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inasema watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao. Hicho tunakijua kwa kichwa. Kifungu cha 49 kinasema mtu wa umri wa uzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya ulinzi wa pekee kwa mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya moyo. Hicho tunakisahau. Wenye ulemavu walipata sheria yao tarehe 3 Mei 2022. Wazee, waliotajwa wa kwanza katika kifungu kilekile, hawakupata yao siku ile. INSS imekuwa CNSS kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na watumishi wa Leta wana kasha lao, CNSSAP. Hatua hizo ni nzuri, nami kama mwalimu nazifuata kwa faida yangu pia. Ila bado ni mlango uleule wa mwenye mshahara.

Na pesa? Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena ibaki palepale inapopatikana. Ituri ilipata kuwa jimbo mwaka 2015, na wote tunajua asilimia hiyo namna inavyofika. Tangu Mei 2021 jimbo likawekwa chini ya utawala wa kijeshi na bunge la jimbo likasimamishwa, basi hata pahali pa kujadili fungu la wazee pakafungwa. Siandiki hili kwa siasa. Dhahabu ya Kilo bado inatoka kila siku, na waliochimba kabla ya sisi wako Mudzipela, Nyakasanza, Kigonze.

Wala sidai nyumba kubwa za wazee za kuta na geti. Katika kartye moja ya Bunia, vijana wanne waliolipwa kidogo na komini wangeweza kuchota maji kwa wazee ishirini, kuwasindikiza kwenye kituo cha afya, kutengeneza mlango uliovunjika. Leta ilijua kufanya jambo kubwa kuliko hilo: mwaka 2019 ilipotangaza masomo ya msingi bila malipo, pamoja na matatizo yote tuliyoyaona madarasani, tate wengi walipumua. Kwa wengi wao ilikuwa pesa ya kwanza ya umma kugusa chungu chao tangu pansioni ilipokufa.

Kazi ya kwanza ingekuwa kuwahesabu. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi hii ilifanywa mwaka 1984. Mtu aliyehesabiwa mwaka ule akiwa na miaka 40, akiwa bado na nguvu ya kubeba mawe ya mgodi, leo amepita miaka 80. Tangu siku ile, anayejua kwamba yuko ni jirani zake, na sefu wa kartye aliyeandika jina lake kwenye daftari la mkono.